Bonus, melior, optimus: asili na maumbo ya kivumishi kimoja cha Kilatini

Mleta mada:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Naomba tujadili kivumishi kimoja tu cha Kilatini, nacho ni *bonus*, chenye maana ya "-ema" au "-zuri". Nimekichagua kwa sababu ni miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa ambayo mwanafunzi wa Kilatini hukutana nayo, na kwa sababu kwa maoni yangu ndicho kinachofundishwa kwa haraka kuliko vingine vyote. Mwanafunzi hupewa jedwali akariri, kisha huambiwa kwamba "mwema" ni *bonus*, "mwema zaidi" ni *melior*, na "mwema kupita wote" ni *optimus*. Akiuliza kwa nini maneno hayo matatu hayafanani hata kidogo, hujibiwa kwamba lugha ndivyo ilivyo, akariri tu. Nashikilia kwamba jibu hilo halimtendei haki mwanafunzi. Karibu kila sauti katika maumbo hayo ina historia inayojulikana, na ushahidi wake umechongwa kwenye mawe, kwenye shaba na kwenye udongo wa kufinyanga.

Nianze na udongo. Mwaka 1880 Mjerumani Heinrich Dressel alipata katika kilima cha Quirinal, Roma, chombo cha ajabu kidogo: vyungu vitatu vidogo vilivyounganishwa pamoja, na kuzunguka ubavu wake maandishi yanayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, bila nafasi kati ya neno na neno. Leo chombo hicho kiko Berlin. Wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 6 KK, na kwa hiyo ni mojawapo ya maandishi marefu ya kale zaidi ya Kilatini tuliyo nayo. Sehemu kubwa ya maandishi hayo bado inabishaniwa, lakini sehemu ya mwisho, ikishatenganishwa maneno, husomwa hivi: *duenos med feced en manom einom duenoi ne med malos tatod*. Tafsiri inayokubaliwa na wengi ni kwamba chombo chenyewe ndicho kinachosema: Duenos alinitengeneza kwa jambo jema, kwa ajili ya mtu mwema; mtu mbaya asiniibe.

Tazameni neno la kwanza na neno *duenoi*. Hicho ndicho kivumishi chetu katika umbo lake la zamani, kabla hakijawa *bonus*. Wapo wanaosoma *Duenos* ya mwanzo kama jina la fundi, na wapo wanaoisoma kama "mtu mwema", lakini hata kama ni jina, ni jina lililotokana na kivumishi hicho hicho, kama vile nasi tunavyompa mtoto jina la Mwema au Neema. Jambo la pili la kutazama ni miisho. Kilatini tulichozoea kina *-us* katika umbo la kiima na *-o* katika umbo la mpewa. Hapa tunaona *-os* na *-oi*, na *malos* badala ya *malus*, yaani "mbaya". Wema na ubaya vimeandikwa kwenye mstari mmoja, kila kimoja katika sura ambayo Cicero, msemaji na mwandishi mashuhuri wa Roma wa karne ya 1 KK, asingeiandika kamwe. Na jambo la tatu, ambalo wengi hulipita: neno *manom*. Kilatini cha kale kilikuwa na kivumishi kingine chenye maana ya "-ema", yaani *manus*, ambacho kilikufa chenyewe lakini kikaacha watoto. Neno *immanis*, lenye maana ya "katili" au "-a kutisha", kiini chake ni "asiye mwema". Varro, mwanazuoni wa Kirumi, naye alilihusisha neno *mane*, yaani "asubuhi", na kivumishi hicho cha kale.

Sasa, *duenos* iligeukaje kuwa *bonus*? Hatua ni tatu.

Hatua moja inahusu irabu. Sauti ya *w* hutamkwa kwa kuviringa midomo, na midomo ikishaviringwa huivuta *e* inayofuata iwe *o*. Ndivyo Kilatini kilivyopata *soror*, "dada", kutoka katika umbo la kale lililokuwa na *swe-*; ukilinganisha na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, *svasar* utaiona *w* iliyopotea. Kwa hiyo *duenos* ikawa *duonos*. Lakini badiliko hili halikutokea pale ambapo silabi iliyofuata ilikuwa na irabu ya mbele kama *e*. Ndiyo maana kielezi chake, "vema", si *bone* bali ni *bene*. Wanafunzi wengi hudhani *bene* ni neno la pembeni lisilofuata utaratibu, kumbe ndilo lililohifadhi irabu ya asili ambayo *bonus* imeipoteza. Kutoka hapo tunapata *beneficium*, "fadhila", na *benignus*, "mwenye tabia njema kwa asili yake".

Hatua ya pili ni *du-* ya mwanzo kuwa *b*. Ulimi hufunga hewa nyuma ya meno kwa ajili ya *d*, midomo hukutana kwa ajili ya *w*. Sauti mbili zikiunganishwa kwa haraka, kazi ya kufunga hewa inahamia midomoni, na sauti inayofunga hewa midomoni ni *b*. Hatua ya tatu ni mwisho wa *-os* kuwa *-us*, badiliko lililoyapata majina na vivumishi vyote vya kundi hili, na halihitaji maelezo zaidi.

Ushahidi wa hatua ya katikati, *duonos*, upo, na ndio mstari ninaoupenda kuliko yote katika mada hii. Lucius Cornelius Scipio alikuwa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa serikali ya Roma, mwaka 259 KK, wakati wa vita vya kwanza kati ya Roma na Karthago. Kaburi lake lina maandishi ya kishairi yanayomsifu, na sehemu yake inasema: *honc oino ploirume cosentiont Romai duonoro optumo fuise viro*. Mtu akiyaandika kwa Kilatini cha Cicero yatakuwa: *hunc unum plurimi consentiunt Romae bonorum optimum fuisse virum*. Maana yake ni kwamba watu wengi sana mjini Roma wanakubaliana kuwa huyu peke yake alikuwa mwanamume mwema kupita wema wote. Neno *duonoro* ni *bonorum*, "wa walio wema", likiwa limeandikwa bila *m* ya mwisho kwa sababu *m* hiyo ilikuwa hafifu mno katika matamshi. Neno *optumo* ni *optimum*. Yaani ndani ya mstari mmoja, ubavuni mwa kaburi moja, tuna kivumishi hiki katika kiwango cha kawaida na katika kiwango cha juu kabisa, vikiwa vimekaa jirani. Mchongaji hakuona ajabu yoyote kwamba *duonoro* na *optumo* hazifanani. Tayari kwake yalikuwa maumbo ya neno moja.

Niingie sasa kwenye maumbo. Kivumishi *bonus* kina umbo la jinsia ya kiume (*bonus*), ya kike (*bona*) na isiyo ya kiume wala ya kike (*bonum*). Kila jinsia ina umoja na wingi, na kila umoja au wingi una maumbo sita yanayoonyesha kazi ya neno katika sentensi: nominativu kwa kiima, genitivu kwa umiliki, dativu kwa anayepewa, akusativu kwa anayetendwa, ablativu kwa "kwa, kutoka, pamoja na", na vokativu kwa kuita. Hizo ni nafasi 36, lakini msiogope, kwa maana maumbo yanayotofautiana katika maandishi ni 13 tu.

Umoja, kwa mpangilio wa kiume, kike na isiyo na jinsia:

nominativu: *bonus, bona, bonum*
genitivu: *boni, bonae, boni*
dativu: *bono, bonae, bono*
akusativu: *bonum, bonam, bonum*
ablativu: *bono, bona, bono*
vokativu: *bone, bona, bonum*

Wingi:

nominativu na vokativu: *boni, bonae, bona*
genitivu: *bonorum, bonarum, bonorum*
dativu na ablativu: *bonis* kwa zote
akusativu: *bonos, bonas, bona*

Msemaji wa Kiswahili ana faida kubwa hapa kuliko Mwingereza, kwa sababu sisi tunapatanisha vivumishi tangu utotoni: mtu mwema, watu wema, kitu chema, matunda mema, nyumba njema, mahali pema. Tofauti ni kwamba sisi tunabadili mwanzo wa neno na Mrumi anabadili mwisho. Hata pale ambapo wanafunzi wengi wa Ulaya hukwama, sisi tunapita. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kivumishi lazima kifanane kwa sauti na jina linaloelezwa. Neno *nauta*, "baharia", linaishia kwa *-a* kama majina ya kike, lakini kwa kuwa mabaharia wa Roma walikuwa wanaume, tunasema *nauta bonus*, na wingi ni *nautae boni*. Kwetu ni vivyo hivyo: "kipofu" lina sura ya KI-VI, lakini hakuna anayesema "kipofu chema", tunasema "kipofu mwema", "vipofu wema", kwa sababu maana imeishinda sura. Anayeielewa "kipofu mwema" ameshaielewa *nauta bonus*.

Mfano mzuri zaidi wa upatanisho unapatikana katika Injili ya Mathayo, sura ya 7 mstari wa 17, kwa Kilatini: *omnis arbor bona fructus bonos facit*, yaani kila mti mwema huzaa matunda mazuri. Chukueni neno moja moja. *Arbor*, "mti", linaishia kwa *-or*, mwisho ambao kwa majina mengi ni wa kiume, lakini majina ya miti katika Kilatini ni ya kike, kwa hiyo kivumishi chake ni *bona*. *Fructus* linaonekana kama umoja kwa jicho lisilozoea, lakini hapa ni wingi wa kiume katika akusativu, na kinachotujulisha hivyo bila shaka ni *bonos*. Kivumishi hakimwelezi msomaji wema wa tunda peke yake. Kinamwambia pia kwamba matunda ni mengi na kwamba ndiyo yanayozaliwa, si yanayozaa. Ukiyabadilisha maneno hayo mahali, ukaandika *bonos fructus facit omnis arbor bona*, maana haitaguswa hata kidogo, kwa sababu miisho inashikilia kila neno mahali pake.

Umbo la vokativu *bone* nalo lina mfano maarufu katika kitabu hicho hicho, sura ya 25: *euge, serve bone et fidelis*, maneno ya bwana kwa mtumwa wake mwema na mwaminifu. Na Wakatoliki wanaoimba Utukufu kwa Kilatini hutamka genitivu ya kike wanaposema *hominibus bonae voluntatis*, yaani watu wenye mapenzi mema. *Bonae* inakwenda na *voluntatis*, haina uhusiano wa upatanisho na *hominibus*.

Nitaendelea na *melior* na *optimus* baada ya kuona michango.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uzi wenye elimu. Nina shaka kuhusu *du-* kugeuka *b*. Kwangu inaonekana ni dhana iliyotungwa ili kulazimisha chombo kile cha Berlin kihusiane na *bonus*. Je, kuna maneno mengine yaliyopitia njia hiyo, au ni hili tu?

Mleta mada:

Ndugu yangu, shaka yako ni ya haki, kwa sababu badiliko la sauti linalodaiwa kwa neno moja tu halina thamani. Badiliko hili lipo katika kundi zima la maneno, na Warumi wenyewe walilijua.

Neno la Kilatini la "mara mbili" ni *bis*. "Mbili" ni *duo*. Bila badiliko hili, *bis* na *duo* hazina uhusiano. Ukishalikubali, *bis* ni *duis* ya zamani, na inalingana na Kisanskriti *dvis* na Kigiriki *dis*, ambacho kiliidondosha *w* na kubakiza *d*. Neno la "vita", *bellum*, lilikuwa *duellum*, na washairi waliendelea kulitumia umbo hilo la kale walipotaka kuipa beti uzito. Cicero katika kitabu chake kiitwacho *Orator*, alichokiandika mwaka 46 KK, anasema waziwazi kwamba *duellum* imekuwa *bellum* na *duis* imekuwa *bis*, na kwamba Duellius, yule aliyewashinda Wakarthago baharini, watu walimwita Bellius. Ushindi huo wa baharini ulikuwa wa mwaka 260 KK, mwaka mmoja tu kabla ya ukonsuli wa yule Scipio wa kaburini.

Ushahidi wa shaba ndio huu. Mwaka 186 KK Seneti ya Roma ilitoa amri ya kudhibiti ibada za Bakusi, mungu wa divai, na nakala yake moja iliyochorwa kwenye bamba la shaba ilipatikana Tiriolo, kusini mwa Italia, mwaka 1640. Sasa iko Vienna. Mwanzo wake unasema kwamba makonsuli waliomba ushauri wa Seneti *apud aedem Duelonai*, kwenye hekalu la Duelona. Huyo ni Bellona, mungu wa kike wa vita. Makarani wa serikali walikuwa bado wakishikilia tahajia ya zamani katika hati rasmi, kama ilivyo desturi ya makarani popote. Basi tuna *duenos* na *bonus*, *duis* na *bis*, *duellum* na *bellum*, *Duelona* na *Bellona*, Duellius na Bellius. Hayo hayatoshi kuitwa bahati.

Na amri hiyo hiyo inatusaidia kwa jambo jingine la mada yetu. Ndani yake kuna kielezi *facilumed*, "kwa urahisi kabisa", ambacho baadaye kiliandikwa *facillime*. Hiyo *-d* ya mwisho inaonyesha kwamba vielezi vya aina ya *bene* vilikuwa na *-ed* zamani. *Bene* ni masalia ya umbo la ablativu lililoganda.

Mchangiaji mwingine:

Mkuu, mimi ni mwanasheria. Kila siku tunatumia *bona fide* na *pro bono*, na nimewasikia wenzangu wakidai kwamba *bona* hapo ni wingi. Pia tunasema *cui bono*. Naomba ufafanuzi, na usisahau kumaliza *melior*.

Mleta mada:

Wakili, swali lako linaingia moja kwa moja kwenye jedwali.

*Bona fide* ni ablativu ya umoja, jinsia ya kike. Jina ni *fides*, "imani, uaminifu", na ablativu yake ni *fide*. Kivumishi kinafuata na kuwa *bona*, ambayo *a* yake ya mwisho ni ndefu katika matamshi. Kwa hiyo maana yake si "imani njema" bali "kwa imani njema", au kama mahakama zetu zinavyosema, kwa nia njema. Ukitaka kuitaja nia yenyewe kama kiima, unasema *bona fides*, na hiyo *a* ni fupi. Katika maandishi ya kawaida urefu wa irabu hauonekani, na hapo ndipo machafuko yanapoanzia. Kuandika kwamba "*bona fide* ya mnunuzi imethibitishwa" ni kulipachika neno lenye "kwa" ndani yake mahali panapohitaji jina tupu.

*Pro bono* ni kifupisho cha *pro bono publico*, "kwa manufaa ya umma". Hapa *bonum* limeacha kuwa kivumishi likawa jina: "jambo jema, manufaa". Kihusishi *pro* kinadai ablativu, kwa hiyo *bono*. Wingi wa jina hilo, *bona*, una maana ya "mali", vitu vyema ambavyo mtu anavyo, na ndio unaouona katika *bona vacantia*, mali isiyo na mwenyewe. Huo ndio wingi ambao wenzako wanaukumbuka, ila wameuweka mahali pasipo pake.

*Cui bono* ni nzuri kuliko zote mbili, kwa sababu ina dativu mara mbili: *cui*, "kwa nani", na *bono*, "kwa kuwa manufaa". Yaani jambo hili lilikuwa la manufaa kwa nani? Watu wengi hudhani *bono* hapo ni kivumishi kinachoeleza *cui*, kana kwamba maana ni "kwa mwema gani", na hilo si sahihi. Cicero, alipomtetea Roscius wa Ameria mwaka 80 KK dhidi ya shtaka la kumuua baba yake, alikumbusha kwamba swali hilo lilikuwa kawaida ya Lucius Cassius, hakimu aliyeheshimiwa na watu wa Roma kwa ukali na hekima yake.

Sasa *melior*. Neno hili halitokani na *bonus* kwa njia yoyote. Linatokana na mzizi *mel-*, uliokuwa na maana ya nguvu au wingi, na ndugu yake ni *multus*, "-ingi", pamoja na Kigiriki *mala*, "sana". Kwa hiyo mwanzoni *melior* haikuwa "mwema zaidi" bali kitu kama "mwenye nguvu zaidi". Kivumishi cha kawaida cha mzizi huo kilipotea, umbo la kulinganisha likabaki yatima, na *bonus*, ambacho hakikuwa na umbo lake la kulinganisha, kikalichukua. Jambo kama hilo si geni kwetu. Kivumishi -ema hakina umbo la kulinganisha, na tunapotaka kusema kwamba kitu kimoja ni chema kuliko kingine mara nyingi tunaliacha na kuchukua neno "afadhali", ambalo limetoka katika Kiarabu na ambalo huko kwao ni umbo la kulinganisha kutoka mzizi wake wenyewe.

Maumbo ya *melior* ni haya: kiume na kike ni *melior*, isiyo na jinsia ni *melius*; genitivu *melioris*, dativu *meliori*, akusativu *meliorem* na *melius*, ablativu *meliore*; wingi *meliores* na *meliora*, genitivu *meliorum*, dativu na ablativu *melioribus*. Angalieni ablativu: ni *meliore* kwa *-e*, ilhali vivumishi vingi vya kundi la tatu vina *-i*. Na genitivu ya wingi ni *meliorum*, si *meliorium*. Mwenye kufundisha akitilie mkazo kipengele hiki, kwa sababu mitihani hukipenda.

Kwa nini kuna *r* katika *melior* na *s* katika *melius*? Sauti ya asili ni *s*. Katika Kilatini cha kale *s* iliyokaa kati ya irabu mbili iligeuka *r*, na Varro amenukuu kutoka nyimbo za makuhani wa Kirumi walioitwa Salii umbo la zamani *meliosem*, ambalo baadaye ni *meliorem*. Badiliko hilo tunajua takriban lilikamilika lini, kwa sababu Cicero katika barua moja anasema kwamba mtu wa kwanza kuacha kuitwa Papisius na kuitwa Papirius alikuwa Lucius Papirius Crassus, aliyekuwa dikteta karibu na mwaka 340 KK. Katika *melius* ile *s* iko mwisho wa neno, haijabanwa na irabu mbili, ikasalimika. *Melior* ya kiima nayo ingepaswa kubaki na *s*, lakini iliiga *r* ya ndugu zake *meliorem* na *melioris*.

Mchangiaji wa kwanza tena:

Nimeridhika kuhusu *du-*. Imebaki *optimus*. Je, inahusiana na kutaka kuchagua, *optare*, kama nilivyowahi kusoma?

Mleta mada:

Ndugu yangu, maelezo yanayokubaliwa na wengi zaidi yanaiunganisha *optimus* na *ops*, "uwezo, msaada", ambayo wingi wake *opes* ni "mali". Kwa mizizi, *optimus* ni mwenye uwezo na utajiri kupita wote. Kwa hiyo katika mfululizo mmoja tuna wema, nguvu na mali, mizizi mitatu iliyofungwa kamba moja.

Inawezekana Cicero aliuhisi uhusiano huo. Katika kitabu chake kuhusu asili ya miungu anamweleza Jupita, aliyeitwa *Optimus Maximus* katika hekalu lake la kilima cha Capitolium, na anasema kwamba *Optimus* linatangulia *Maximus* kwa sababu kuwafaa watu wote ni jambo kubwa zaidi na la kupendeza zaidi kuliko kuwa na mali nyingi. Ametumia neno *opes* hapo hapo. Cheo hicho baadaye kilishuka duniani: mwaka 114 BK mfalme Traianus alianza kukitumia rasmi jina la *Optimus*.

Kimaumbo *optimus* haina shida, inafuata jedwali la *bonus* neno kwa neno: *optimus, optima, optimum*. Kilichobadilika ni tahajia. Mliona *optumo* kaburini kwa Scipio. Quintilianus, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 1 BK, anasema kwamba sauti ya katikati ya neno hili ilikuwa kati ya *u* na *i*, na kwamba inasimuliwa kuwa maandishi ya Gaius Caesar ndiyo ya kwanza kuandika *i* katika *optimus* na *maximus*.

Mchangiaji mwingine:

Na "bonasi" yetu? Na je, "mwenyeheri", ambalo kwa Kilatini ni *beatus*, lina undugu na *bonus*? Maana zake zinakaribiana.

Mleta mada:

"Bonasi" imetufikia kupitia Kiingereza, ambako neno la Kilatini *bonus* lilianza kutumiwa kwa malipo ya ziada. Ni nominativu ya kiume iliyogandishwa ikawa jina. Kwa Kilatini sahihi kitu chema kingeitwa *bonum*.

*Beatus* ni swali zuri sana. Ni kivumishi kilichotokana na kitenzi *beo*, "namfanya mtu awe na furaha au heri", na wanaisimu wengi wanakihusisha kitenzi hicho na mzizi ule ule wa *duenos*, pamoja na *du-* ile ile iliyogeuka *b*. Ikiwa ndivyo, Wakatoliki wanaposema Mwenyeheri Anuarite au Mwenyeheri Bakanja, cheo cha Kilatini kilicho nyuma yake ni binamu wa *bonus*. Binamu mwingine wa karibu zaidi ni *bellus*, "-a kupendeza", ambayo ni umbo la udogo la *duenos*: *duenelos*, kisha *bellus*, ikiwa imehifadhi *e* kama *bene*. Hilo ndilo lililozaa *bello* ya Kiitaliano na *beau* ya Kifaransa.

Na kwa kuwa tumefika kwa watoto: *bonus* ni *buono* kwa Kiitaliano, *bueno* kwa Kihispania, *bom* kwa Kireno, *bon* kwa Kifaransa na *bun* kwa Kiromania. Watoto wa *melior* ni *migliore, mejor, melhor* na *meilleur*, na wote wametokana na akusativu *meliorem*. Kiromania kiliitupa *melior* kabisa na kuunda *mai bun*, "zaidi-ema", kwa kutumia *magis* ya Kilatini. Kifaransa cha kale kilikuwa kimehifadhi hata tofauti ya kiima na yambwa: *mieldre* kutoka *melior*, ambayo mkazo wake uko mwanzoni, na *meilleur* kutoka *meliorem*, ambayo mkazo wake uko silabi ya kabla ya mwisho. Kiima kikapotea, na Mfaransa wa leo hana *mieldre* tena, anatumia umbo la yambwa kwa kazi zote mbili.